Ngamia Nisiyempoteza

Siku ya Idd iliyofuata Ramadhani, mbele ya Waislamu wote wa Garissa, mimi mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne nililetewa kiti.

Kilikuwa kiti cha plastiki, cha buluu, kimepasuka mkono mmoja, aina ile ya viti vinavyokaliwa na wazee msibani wakisubiri chai. Kilipitishwa juu ya vichwa vya watu kutoka safu za nyuma, kikisindikizwa na minong'ono. "Cha nani?" "Cha yule mnene pale." "Mpitishieni, mpitishieni, maskini." Nilikuwa nimejaribu kuchutama nitandike mkeka kabla swala haijaanza, magoti yakakataa. Hayakuuma tu, yalitoa sauti. Mtu wa safu ya mbele aligeuka kuangalia ni nani anayevunja kuni uwanjani.

Nikakaa. Kuliani kwangu alisimama baba yangu, mifupa mitupu iliyofungwa kikoi, mzee aliyezaliwa mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Akashuka kusujudu kama mtu anayeokota sindano, akainuka, akashuka tena. Mimi nilibaki huko juu nimeinamisha kichwa kama abiria aliyesinzia kwenye basi.

Swala ilipokwisha alikitazama kile kiti, si mimi.

"Hiki ni cha wagonjwa," akasema. "Wewe unaumwa nini?"

"Magoti, aabo."

"Magoti yako yamechoshwa na nini? Lini uliyatumia?"

Njiani kurudi nyumbani Galbet (kwa gari langu, bila shaka, na kiti cha mbele nimekisukuma nyuma mpaka mwisho ili tumbo lipate nafasi yake) akanipa hukumu. Alikuwa amekuja kutoka Hadado, huko Wajir, kututembelea. Angekaa kwangu mpaka Idd ya Kuchinja, kisha arudi kwa wanyama wake, na kwa umri wake hakuwa na hakika kama angeshuka tena huku. "Sitaki kurudi na picha hii kichwani," akasema. "Mwanangu juu ya kiti, mimi chini. Idd ijayo tuwe chini sote wawili. Ikishindikana, mimi nitaswali upande wa pili wa uwanja, na nikiulizwa nitasema sikujui."

Alisema akicheka. Lakini nawajua wazee wa kwetu. Maneno mazito huyasema wakicheka, mepesi wakiwa wamekunja uso.

Nilikuwa na miezi miwili na kitu.

Sasa mtu atauliza nilifikaje pale. Nilifika kwa elimu. Nilisoma shule ya jioni nikiwa na mke na ndevu, nimekunjwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la nne kama godoro ndani ya kabati, na mwalimu aliyekuwa mdogo kwangu akiniita "wewe wa nyuma." Nilivumilia kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu duniani: kiti. Baba yangu alikuwa amesimama maisha yake yote nyuma ya wanyama, na mimi nikaapa kwamba nitakaa. Nikapata cheti, nikapata kazi ya ofisini, nikapewa kiti kinachozunguka. Kwetu asiyezunguka na wanyama huzunguka na kiti, na mimi nilizunguka miaka mingi bila kuchoka.

Kutoka nyumbani mpaka ofisini ni umbali ambao kuku anaweza kuumaliza akitafuta punje. Nilikwenda kwa gari. Asubuhi nilikula anjera zilizolowa samli na sukari, saa nne chai ya maziwa ya ngamia na sambusa, mchana wali wenye mlima wa nyama ya mbuzi na ndizi pembeni, kwa sababu ndizi ni tunda na tunda ni afya. Jioni nyirinyiri, zile nyama kavu zinazoogelea ndani ya samli, nilizila kwa kijiko kama dawa. Ramadhani hiyo nilifunga mchana kama malaika na kufungua jioni kama nzige. Ilifika mahali tumbo langu likawa linaingia mlangoni kwanza, linasalimia, linaulizwa habari za nyumbani na mvua, ndipo mimi naingia.

Na hakuna aliyelaumu! Hilo ndilo nisilowasamehe watu wa mji huu. Walinitazama nikijaa kama mtungi na kusema, "Mashallah, umenawiri." Mama mkwe wangu alinisifu mbele ya wageni. Mfanyakazi mwenzangu mwembamba, mtu wa afya tele anayeweza kuruka ukuta, aliombewa dua kila Ijumaa kwa sababu ya wembamba wake.

Nilianza na daktari, kijana kutoka bara ambaye alikuwa na wiki chache tu mjini na bado alikuwa anashangaa jua. Alinipima, akaandika, akapima tena, labda alidhani mzani una kasoro. "Mzee, punguza wanga na mafuta," akasema. "Kula mboga za kijani kwa wingi."

Nilimwangalia kwa huruma. Mboga za kijani! Kwetu anayeona kijani hupeleka mbuzi wake haraka kabla jirani hajaona.

Baada ya daktari wakaja wataalamu wa motisha. Binamu yangu aliniunganisha na kundi la simu la watu wanaopunguza uzito. Kila alfajiri msimamizi wa kundi alituma picha ya jua likichomoza na maneno ya kutuamsha: "Mabingwa wako barabarani, wewe bado umelala?" Wanachama wakajibu kwa vidole gumba na misuli ya kuchorwa. Nilihamasika mpaka nikalia. Baada ya siku kadhaa nikagundua kwamba lile jua lilikuwa na wingu lilelile, upande uleule, lenye umbo la kobe. Jamaa alikuwa na picha moja. Nikampigia simu siku moja mara tu baada ya bingwa huyo kutuamsha, nikasikia sauti inatoka chini ya blanketi. "Walaal, ndugu yangu," akasema akipiga mwayo, "kwani kuna msiba?" Ndiyo hao wanaotuhamasisha.

Kisha jimu. Ilikuwa imefunguliwa karibu na soko, yenye kioo cha ukuta mzima ili mtu auone msiba wake kwa upana. Kocha alikuwa na fulana iliyombana kama ngozi ya soseji, na sentensi moja tu: "Hakuna visingizio!" Ukisema maji, hakuna visingizio. Ukisema swala ya Alasiri imefika, hakuna visingizio, kisha anakumbuka yuko Garissa na anasema samahani, nenda. Alinipandisha kwenye mashine ya kukimbia. Nikatembea palepale nilipo, mbele ya ukuta, na kama kuna upumbavu unaozidi huo sijauona bado. Mji mzima umejaa watu waliotembea kutoka kila pembe ya nchi kavu kutafuta maji, na mimi nalipia kutembea nisifike. Siku ya tatu umeme ukapotea. Mashine ikasimama, mimi sikusimama, nikaukumbatia ule ukuta. Nilipofungua macho kocha alikuwa ameinama juu yangu.

"Uko sawa, mzee?"

"Hakuna visingizio," nikamwambia, nikachukua viatu vyangu nikaondoka.

Ndiyo maana niliamua kutembea. Kutembea tu, kwa miguu, baada ya swala ya Alfajiri, kuelekea barabara ya Modogashe na kurudi. Jambo jepesi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi niliyezaliwa hapa na ninayewajua watu hawa.

Asubuhi ya kwanza sikufika mbali, gari likasimama kando yangu.

"Panda, walaal."

"Asante, natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi mahali. Natembea tu."

Dereva akazima injini. Mtu wa kwetu akizima injini ujue mambo ni makubwa. "Gari lako limekufa?"

"Liko nyumbani, zima kabisa."

"Umegombana na mama watoto?"

"Sijagombana na mtu."

Akasema kwa sauti ya upole, "Kama kuna siku nilikukosea, niambie sasa. Usinikatalie gari mbele za watu."

Na nyuma yake lilikuwa limesimama gari la pili, na nyuma ya la pili tuktuk, na wote walitaka kunipakia. Nilipanda ili msongamano uishe. Asubuhi ya pili nilipanda tena. Ya tatu nilijaribu kujificha nyuma ya punda, lakini huwezi kumficha mtu wa ukubwa wangu nyuma ya punda. Nilirudi nyumbani kwa lifti kila siku, na mzani wa daktari ukasema nimeongezeka. Ukarimu wa watu wa Garissa utatuua sote, na wataleta chai kwenye mazishi.

Lililoniokoa ni pumzi. Asubuhi moja nilikuwa nimekazana mpaka pumzi ikakatika, nimesimama kando ya barabara mikono magotini, macho chini mchangani. Akapita mzee anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Akasimama, akaangalia ule mchanga niliokuwa naukodolea, akaniangalia mimi.

"Pole," akasema. "Ni mbuzi au ni ngamia?"

Sikuweza kujibu. Nilikuwa natafuta hewa. Akajijibu mwenyewe.

"Ni ngamia. Mbuzi hamtoi mtu pumzi namna hii. Mungu atamrudisha." Akampiga punda kofi, akaenda zake, na kila nyumba aliyoteremsha mitungi siku hiyo ilipata maji na habari.

Asiyetoka huku hatanielewa, basi nieleze. Kwetu ngamia akipotea, habari yake ni ya kila mtu. Unayekutana naye njiani, hata kama hujawahi kumwona, ni wajibu wake kukuuliza na wajibu wako kumjibu: jike au dume, rangi gani, alama ya chuma iko wapi. Halafu naye anaibeba habari mpaka kwa mwingine. Na mtu mzima anayetembea haraka alfajiri, peke yake, bila mzigo, macho chini, hana maelezo mengine duniani. Anafuata nyayo. Eti tumbo! Nani angeamini kwamba mtu mwenye akili anatembea kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe?

Nilipofika ofisini nikakuta nimeandaliwa nyuso za huzuni.

"Tumesikia. Pole kwa ngamia."

"Sijapoteza ngamia," nikasema.

Mwenzangu wa meza ya jirani akasogeza kiti chake, akanong'ona, "Si wako? Ni amana ya mtu?"

"Sina ngamia! Sijawahi kuwa na ngamia!"

"Naelewa," akasema, akinipigapiga bega. "Usiseme zaidi. Jicho la watu ni baya."

Kadiri nilivyokana ndivyo ngamia alivyonawiri. Adhuhuri alikuwa jike. Alasiri akawa mweupe. Magharibi, nikitoka msikitini, mtu nisiyemjua alinishika mkono kwa uchungu na kuniambia kwamba kinachomuumiza zaidi ni ile mimba. Ngamia wangu, ambaye hakuwahi kuzaliwa, alikuwa karibu kuzaa.

Lakini kesho yake nilitoka nikatembea, na hakuna gari lililotaka kunipakia! Anayefuata nyayo hapakiwi garini, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Madereva walipunguza mwendo, wakateremsha vioo, na badala ya kuniita wakanielekeza. "Nimeona jike jeupe kule nyuma ya mathenge!" Kisha wakasubiri kunitazama nikienda. Ningefanya nini? Ukipuuza habari ya ngamia uliyopewa bure na mtu aliyesimamisha gari, umemtukana yeye, ukoo wake na huyo ngamia. Nikaingia vichakani. Miiba ya mathenge ilinikamata kanzu, ikanikamata ngozi, nikatokea upande wa pili nimechanika kama bango la kampeni. Huko nikamkuta mama anayeshusha maziwa mjini na punda wake.

"Walaal, unatafuta kimya kimya hivyo?" akanikemea. "Ngamia huitwa. Wewe mtu wa ofisi hata kuita hujui? Mwite nisikie."

"Habaryar, mama mdogo, hakuna..."

"Mwite!"

Basi mimi, karani, mwenye cheti, nikasimama katikati ya mathenge jua linachomoza nikamwita ngamia asiyekuwepo kwa sauti yangu yote. Korongo wa jalalani waliruka. Yule mama akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hatakuja kwa sauti hiyo. Rudi kesho, uite na upande ule." Akanionyesha kwa kidevu mahali ambapo macho yangu hayakufika.

Nikarudi kesho. Na keshokutwa. Ile motisha waliyokuwa wakiiuza kwa simu na vioo, mimi niliipata bure kwa aibu. Kocha alikuwa na sentensi moja, mimi nilikuwa na mji mzima unaoniuliza jioni, "Leo ulifika wapi?" na ukisikia hukufika mbali unaguna. Nani angenitamkia alichotamka muuza miswaki mbele ya msikiti: "Kwa ngamia mwenye mimba ulirudi kabla jua halijakolea? Ingekuwa mimi nisingelala."

Ni huyohuyo muuza miswaki aliyemfikishia baba habari.

Nilimkuta sebuleni amekaa ukingoni mwa sofa, fimbo katikati ya magoti. Niseme ukweli, tangu Idd mzee alikuwa amenyauka. Nyumba yangu ina kuta nzuri, na yeye alizitazama kutwa nzima. Alikuwa anakula kidogo, analala mchana, na mara mbili alikuwa ameuliza kama kuna lori linalokwenda Wajir kabla ya Idd.

"Msikiti mzima unajua mwanangu amepoteza ngamia," akasema. "Mimi nasikia kwa mtu wa miswaki."

"Aabo, hakuna ngamia. Natembea nipunguze tumbo, niweze kusujudu."

Akalitazama tumbo. Akalitazama kwa makini, kama mtu anayekadiria mzigo.

"Mtu hutembea kwa ajili ya tumbo la mnyama," akasema. "La kwake nani amewahi kulitembelea?" Kisha akasimama, akavaa ndara zake. "Kesho tunakwenda kumtafuta."

"Nimesema hakuna!"

"Nimesikia. Si kiziwi. Kesho tunakwenda kumtafuta."

Enyi makocha wote wa dunia, na fulana zenu, na filimbi zenu! Hamjatembea na mzee wa Hadado. Aliweka fimbo mabegani, akaning'iniza mikono juu yake, akaondoka. Hakukimbia, hakuharakisha, na sikumpata. Kivuli chake tu ndicho nilichokuwa nikikikanyaga. Alinisimulia ngamia wote aliowahi kupoteza tangu ujana, mmoja mmoja, tabia zao, ukaidi wao, yule aliyerudi mwenyewe akiwa na ndama, yule aliyekutwa mwezini, maana kwa umbali aliousimulia hapakuwa na mahali pengine pa kumkuta. Nilipoomba tupumzike alisema, "Pumzika ukitembea." Nilipoomba maji akasema, "Ukifika." Nilipouliza tunafika wapi alinigeukia kwa mshangao.

"Anapotafutwa ngamia, mtu hufika alipo ngamia."

"Hayupo, aabo!"

"Ndiyo maana ni mbali."

Asubuhi hizo zilimfufua. Alirudi nyumbani akidai anjera, akimtania mama watoto, akisahau kuuliza malori. Mimi nilirudi nikiwa maiti, na maiti hali sana. Samli ilianza kunichefua, sukari kwenye chai nikaipunguza kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukoroga. Suruali zikaanza kuteleza. Na hapo, kama nilivyotarajia, ndugu zangu wakashtuka. Mama mkwe alileta mtungi wa samli ya ng'ombe na machozi. "Amekonda kwa sababu ya mnyama," akasema. "Mwambieni mali hutoka kwa Mungu." Mtu akinenepa mpaka magoti yanapiga kelele, mashallah. Akianza kupata shingo, anasomewa dua.

Siku chache kabla ya Idd ya Kuchinja nilisikia kelele langoni. Nikatoka. Nusu ya Galbet ilikuwa pale, na mbele yao vijana wawili wachungaji, na katikati yao ngamia jike mweupe.

"Huyu hapa!" wakasema.

"Si wangu," nikasema.

"Mwangalie vizuri."

"Hata nikimwangalia vipi, sina ngamia!"

"Amekonda," mmoja akawaelezea watu kwa sauti ya hekima. "Ndiyo maana hamtambui. Na yeye amekonda, ndiyo maana ngamia hamtambui."

Watu wakaguna kukubali. Yule ngamia alinitazama kwa dharau, akatafuna, nikaona ni yeye peke yake mwenye akili pale. Baba akapenya, akaangalia alama ya chuma shingoni, akatangaza ni ya watu wa upande wa Modogashe. Simu zikapigwa. Kesho yake mwenyewe akashuka kutoka kwenye lori, mtu mzima, akamkumbatia ngamia shingoni, kisha akanikumbatia mimi, akilia kote kuwili. Kwa hakika ngamia wake alikuwa amepotea muda mrefu na alishakata tamaa. Kumbe mji mzima ulikuwa unafungua macho kwa ajili ya jike jeupe, na jike jeupe likaonekana.

Basi nikawa mtakatifu. Kwa tafsiri ya Galbet, nilijua tangu mwanzo kwamba ni ngamia wa mtu, nikamtafuta kimya kimya kwa ajili ya Mungu, na kila niliposema "sina ngamia" ulikuwa unyenyekevu. Hata dereva yule wa kwanza alikuja kuniomba radhi. Nilijaribu kueleza habari ya tumbo kwa mara ya mwisho. Walitabasamu. "Mnasikia? Mpaka sasa hataki sifa."

Mwenye ngamia akachinja kondoo uani kwangu. Sinia zikaja na wali unaong'aa mafuta, na kila mgeni akaona heshima ni kunitupia kipande kinono upande wangu wa sinia. "Kula, ndugu, umeteseka." Mafuta ya mkia yalirundikana mbele yangu kama mawe ya kujengea. Kwa kweli mkono wangu ulishakwenda. Lakini mkono mwingine, mkavu, ukapita juu ya wangu ukakichukua kile kipande, ukachukua na cha pili.

"Huyu ana kazi siku ya Idd," baba akasema, mdomo umejaa. Alikula mafuta yangu yote jioni ile, na mpaka leo sijui yalikwenda wapi mwilini mwake.

Ikafika Idd. Uwanja uleule, vumbi lilelile, mikeka imetandikwa mpaka macho yanachoka. Nikachutama kutandika wangu. Magoti yalisema kitu, lakini kwa sauti ya chini, baina yetu. Mara nikaona watu wa nyuma wanainua mikono, na kiti cha buluu kinakuja juu ya vichwa.

"Chako, walaal!" mtu akaita kwa furaha. "Tumekuwekea."

"Mpe mwingine."

Kikasita hewani, kikageuka, kikaanza kumtafuta mnene mwingine. Sikutaka kutazama kilipotua. Lakini nilisikia sauti iliyozoea kutoka chini ya blanketi ikisema, "Jazakallah, jazakallah," nikageuka kidogo tu. Alikuwa msimamizi wa kundi, bingwa wetu wa alfajiri.

Imamu akapiga takbiri. Nikarukuu vizuri. Kisha ikaja ile yenyewe. Nilishuka kwa vipande, goti moja, la pili, mkono, mkono, mpaka paji la uso likagusa mkeka, na chini ya mkeka mchanga, na mchanga ulikuwa bado baridi wa asubuhi. Nilikuwa nimesahau kwamba chini huko kuna harufu. Pembeni yangu nilisikia pumzi za baba. Tulikuwa sawasawa, vichwa viwili, kimo kimoja. Nisiwafiche, nilisahau dua niliyokuwa nimeipanga.

Kushuka ilikuwa sehemu rahisi. Rakaa ile ilipotaka tusimame, safu nzima ikasimama, nami nikabaki chini nikishauriana na viungo vyangu. Hakuna aliyeweza kunisaidia, wote wako kwenye swala, na hakuna aliyeweza kucheka, ingawa nilisikia mbavu zikibana. Mwishowe nikapata njia. Nilinyanyua makalio kwanza, juu kabisa, mikono ikiwa bado mchangani, nikayumba mbele, nikayumba nyuma, ndipo nikajivuta mzima mzima nikasimama, imamu akiwa keshafika mbali na sura yake.

Tukatoa salamu. Watu wakaanza kukumbatiana. Baba hakunikumbatia kwanza. Alikuwa anatikisika, kikoi chote kinatikisika, machozi yanamtoka kwa kicheko alichokifungia tangu rakaa ya pili.

"Wote walimtafuta," akasema alipoweza kusema. "Wakampata wa Modogashe. Wako mimi nimemwona leo. Ameinuka mbele yangu, nyuma kwanza, kama ngamia wote walivyoumbwa."

Akanipa mkono, akanivuta kifuani kwake, mifupa mitupu.

Tulipokuwa tunakunja mikeka akaniambia kwamba amepata lori la Wajir la kesho asubuhi, na lori hilo linapakilia mwisho wa mji.

"Nitakupeleka," nikasema. "Nitatoa gari mapema."

Akasimama na mkeka wake kwapani, akanitazama.

"Nimetania, aabo," nikasema.

"Baada ya Alfajiri," akasema. "Na mzigo wangu utaubeba wewe."